Hiki kijiji cha Dolní Věstonice kule Ucheki kina nini hasa?

Mpitanjia_Brno

Wakuu salama? Naombeni kuelimishwa maana nimebaki na maswali kichwani, na Wacheki ninaokaa nao hosteli Kiingereza chao na changu havikutani vizuri.

Nipo Brno kimasomo. Juzi kati jamaa wakanivuta twende tukatembee kusini huko karibu na mpaka wa Austria, tukapanda basi la Mikulov. Mkishapita Pohořelice barabara inapita juu ya tuta refu, maji kulia maji kushoto, sasa upande wa kushoto nikaona kanisa limesimama peke yake katikati ya maji, hakuna nyumba hakuna mtu, ndege tu wamejaa. Kuuliza, wakasema hapo palikuwa na kijiji. Basi, hakuna aliyeongeza neno.

Baadaye tukaishia kijiji kinaitwa Dolní Věstonice. Kidogo kweli, nimeambiwa watu wake ni kama 300 tu, nyumba zimebanana kandokando ya barabara, nyuma kuna mlima una majabali meupe, mbele bwawa, na mizabibu kila unapogeuka. Lakini sasa kila kona kuna picha ama kisanamu cha mwanamke mnene, maziwa yameanguka, hana nguo hana hata mdomo. Nikajua labda mtakatifu wao, nikaogopa kuuliza.

Kwa hiyo: lile kanisa ilikuwaje, yule mama ni nani, na kwa nini makaburini kuna mawe ya zamani yenye majina ya Kijerumani wakati hapa ni Ucheki? Anayejua ashushe nondo, nimeweka kambi hapa.

Mzee wa Ramani

Mdogo wangu umefika pazuri kuliko unavyojua. Mimi makazi yangu Vienna miaka mingi sasa na hiyo njia naipita sana, kwa hiyo nikuanzie na ardhi, mambo ya yule mama watakuja wenyewe wanaoyajua, yupo dada mmoja humu amesomea.

Huo mlima ni safu ya Pálava na kilele chake kinaitwa Děvín, kina karibu mita 550. Ukitoka Kilimanjaro utacheka, lakini pale chini ni tambarare tupu kwa hiyo unaonekana kutoka mbali sana, hata ukiwa barabara kuu unaanza kuuona kabla hujafika popote. Yale majabali meupe ni mawe ya chokaa, yalijijenga chini ya bahari wakati wa mijusi wakubwa, halafu milima ya Karpati ilipokuwa inasukumwa kutoka kusini mashariki yakang'olewa huko chini yalikokuwa na kuburutwa mpaka hapo yalipo. Ndiyo maana yamekaa kama yametupwa tu, hayana ndugu jirani.

Chini ya mlima kuna mto Dyje, Waaustria wanauita Thaya. Huu mto ulikuwa na tabia ya kufurika kila theluji ikiyeyuka, pembeni kote ilikuwa misitu ya maji na mabonde ya majani, watu wamezoea hivyo karne na karne. Serikali ya wakomunisti ikaja na hesabu zake, tuzuie mafuriko tupate na maji ya kumwagilia, wakajenga mabwawa matatu yaliyofuatana yanaitwa Nové Mlýny, kazi ilianza katikati ya miaka ya 1970 ikaisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Yote kwa pamoja yanafika zaidi ya kilomita za mraba 30. Barabara uliyopita iko kati ya bwawa la juu na la kati.

Kijiji kilichokuwa hapo kilikuwa kinaitwa Mušov. Watu walihamishwa, nyumba zikabomolewa zote, likabaki kanisa la Mtakatifu Leonard kwa sababu lilikuwa jengo la kale la kuhifadhiwa, mizizi yake ni ya zama za kati. Hivi leo bwawa hilo la kati ni hifadhi ya ndege, miaka ya 1990 kina cha maji kilishushwa vikajitokeza visiwa, bata bukini na membe wakapata pa kutagia. La juu ndilo watu wanaogelea na kupiga kambi, la chini wavuvi na mashua za tanga.

Mimi kwa maoni yangu lile bwawa lilikuwa kosa. Misitu ile ya kandokando ya mto ilikuwa haina mfano Ulaya ya kati na imekwenda. Kuna Wacheki wanaona hivyo mpaka leo na kuna wengine hawataki hata kusikia.

Nyamwaya254

Mzee pole lakini hapo kwa bwawa sikubaliani na wewe. Ni rahisi mtu wa Vienna kulilia msitu, mkulima wa pale ambaye shamba lake lilikuwa linaingia maji kila mwaka umemuuliza? Hiyo sehemu nimesoma ni kati ya zile zenye joto na ukame zaidi kwa hiyo nchi yote, sasa maji ya kumwagilia mizabibu yatoke wapi. Anyway hiyo tuwachie.

Lakini kwani huyo mama ni nani, si ndio swali tuko hapa.

Mzee wa Ramani

Nyamwaya mizabibu ya Pálava ilikuwepo mamia ya miaka kabla ya hilo bwawa, haikuwa inalia kiu. Ila sawa, tusonge.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu ardhi kwa sababu ndicho kinachofungua hadithi nyingine yote. Chini ya yale majabali mteremko wote umefunikwa na udongo wa njano laini kama unga wa dona. Wataalamu wanauita lesi. Ni vumbi, yaani vumbi lililopeperushwa na upepo enzi za barafu wakati eneo lile halina miti ya maana, likawa linashuka kidogo kidogo miaka maelfu kwa maelfu. Pale kijijini kuna ukuta wa udongo uliobaki kwenye machimbo ya zamani ya kufyatulia matofali, wameuhifadhi rasmi, unaitwa Kalendář věků, ukisimama mbele yake unaona matabaka, ya njano ndio baridi kali, ya kahawia ndio vipindi vya joto ambapo majani yaliota. Zaidi ya miaka laki moja unaiona kwa macho. Kitu chochote kilichoachwa juu ya ardhi enzi zile kilifunikwa taratibu na kikakaa salama, ndiyo siri ya kijiji chenyewe. Dada Akiolojia njoo huku.

Dada Akiolojia

Nimekuja, nilikuwa naosha vyombo 😄

Huyo mama si mtakatifu kaka. Wanamwita Venus wa Věstonice, ana karibu miaka 30,000. Rudia kusoma hiyo namba. Alipatikana tarehe 13 Julai 1925, mchimbaji mkuu alikuwa Karel Absolon ambaye alikuwa ameanza kuchimba pale 1924, wafanyakazi wake walikuta vipande viwili ndani ya jivu la sehemu ya moto, kuviunganisha ikawa ni mwanamke wa urefu wa sentimita 11 na kidogo. Unamshika kwenye kiganja. Uso ni mikato miwili tu ya macho, na utosini ana vitundu vinne, watu wanadhani walichomeka manyoya ya ndege au majani.

Sasa kinachowafanya watu wa fani yetu wakose usingizi si umbo lake. Visanamu vya wanawake wanene viko vingi Ulaya, kuna yule wa Willendorf upande wa Austria alipatikana 1908, ni jiwe. Huyu wa Věstonice ni UDONGO WA KUCHOMA. Yaani walichukua ile ile lesi aliyoeleza Mzee, wakaikanda na maji, wakafinyanga, wakachoma motoni. Ni kati ya vitu vya kufinyanga na kuchoma vya zamani kabisa vinavyojulikana duniani. Na hao watu hawakuwa na chungu! Hata kimoja. Vyungu vya kwanza tunavyovijua vinatokea China karibu miaka 10,000 baadaye. Mimi tulivyofundishwa chuo ilikuwa mwanadamu kalima, kakaa sehemu moja, kapata shida ya kuhifadhi nafaka, ndipo akafinyanga chungu. Hawa wawindaji wanaojua kuchoma udongo wanatengeneza wanyama tu na wanawake, mapishi hayamo kabisa.

Na walitengeneza kwa wingi. 1951 Bohuslav Klíma, huyu ndiye aliyeendeleza kazi baada ya vita, alikuta kibanda kimejitenga juu kidogo ya makazi mengine, ndani kuna tanuri na zaidi ya vipande 2,000 vya udongo uliochomwa. Vichwa vya simba, dubu, vifaru wenye manyoya, mamothi (wale tembo wa baridi), miguu miguu tu imevunjika. Karibu vyote vimevunjika. Watafiti fulani walichunguza mivunjiko wakaona mingi imetokea ndani ya moto, udongo ukiwa bado na unyevu ukitupwa kwenye moto mkali unapasuka kwa kishindo, wakasema inawezekana walikuwa wanafanya makusudi, raha ilikuwa kwenye kupasuka. Mimi naikubali hiyo hoja nusu. Aliyewahi kuchoma udongo anajua vitu vinapasuka bila kuomba ruhusa, lakini kupasuka vyote vile mahali pamoja na mtu anaendelea tu kutengeneza, hapana, kuna kitu pale.

Halafu kuna hili nalipenda zaidi. 2004 walimpiga skani yule Venus, wakaona mgongoni alama ya kidole, imechomwa pamoja na udongo. Vipimo vinasema ni kidole cha mtoto wa kati ya miaka 7 na 15. Si lazima awe ndiye aliyefinyanga, labda alishika tu kabla haijakauka akafokewa.

Nyamwaya254

Wueh. Dada uko na mengine? Sisi hatuendi mahali.

Dada Akiolojia

Ninayo. Vile vipande vya udongo vilivyochomwa baadhi yao vina alama zimegandamizwa, kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Miaka ya 1990 Olga Soffer na James Adovasio wakazikagua kwa makini wakakuta ni alama za nguo! Kitu kilichosukwa, kamba, vitu vya kufuma, na mafundo yanayofanana na ya nyavu. Nyuzi za mimea. Nguo yenyewe imeoza zamani, ila mtu aliweka udongo mbichi juu ya mkeka au akaukalia, udongo ukaungua, alama ikabaki. Hii inabadilisha picha yote, maana sisi tumezoea kuchorewa mwanaume na mkuki anakimbizana na mamothi, kumbe kuna watu wamekaa wanasuka, na kama una nyavu basi sungura na mbweha unawakamata kijiji kizima, mama mjamzito na mtoto wote wanasaidia kuswaga.

Na mamothi wenyewe mjadala haujaisha. Kuna malundo ya mifupa yao pale bondeni chini ya makazi, mifupa kibao. Wengine wanasema waliwindwa, wengine wanasema walikufa wenyewe kwenye matope ya mto na watu wakaja kuokota mifupa ya kujengea na pembe. Nafikiri yote mawili yalitokea.

Kasongo wa Goma

Jambo ba ndugu. Mi niko Goma, nafwataka hii mazungumzo tangu asubui. Dada usisahau ule mufupa ya mbwa mwitu! Kule kule Věstonice Absolon alipataka mufupa iko na chale 55, ilikuwa miaka ya 1930, batu banasemaka ni hesabu. Sasa sisi huku Kongo tuko na yetu, mufupa ya Ishango, pale Semliki inatokeaka mu ziwa Edward. Mubeleji Jean de Heinzelin aliichimbaka 1950, iko na chale zimepangwa mistari tatu na kajiwe ka kwartzi ku ncha, miaka yake ni kama 20,000. Ba mwalimu ba hesabu banaipenda sana, moja atakuambia ni namba, mwingine atakuambia ni mwezi wa mbinguni.

Yao iko kwao Moravia, kule kule Ucheki. Yetu iko Bruxelles. Sina neno ingine.

Dada Akiolojia

Kasongo ahsante, na hilo la mwisho limenichoma.

Kwa kweli zote mbili watu wanazigombania. Chale unaweza kuhesabia, unaweza pia kuweka ili mkono usiteleze, au mtu alikuwa anapoteza muda karibu na moto. Mimi ya Ishango naiamini zaidi kwa sababu mpangilio wake wa mafungu unaonekana wazi.

Mpitanjia_Brno

Daah wakuu mimi nilidhani nimeuliza swali la watalii. Sasa hapa naomba niongeze, kwenye picha ya bango moja kuna mifupa ya watu watatu wamelala pamoja mmoja kafudikizwa, hao ni kina nani? Na lile la Wajerumani mbona mmelikwepa.

Dada Akiolojia

Hao watatu ndio kesi maarufu. Walipatikana 1986, na angalia kinachochekesha, walionekana kwa sababu ya lile bwawa analolichukia Mzee. Walikuwa wanachimba udongo wa kujengea matuta, wanaakiolojia wakawa wanakimbizana na makatapila kuokoa kinachookoleka, kina Klíma na Jiří Svoboda, ndipo wakakuta vijana watatu wamezikwa kaburi moja. Wa katikati mifupa yake ina kasoro, alikuwa mtu wa kuchechemea. Wa upande mmoja amenyoosha mikono yote miwili mpaka kwenye nyonga za yule wa katikati, wa upande mwingine amelazwa kifudifudi. Kumepakwa ngeu nyekundu (udongo wa rangi) vichwani, na kati ya mapaja ya yule wa katikati.

Kwa miaka 30 watu wakatunga hadithi. Kwamba wa katikati ni mwanamke, kafa na mimba, pembeni ni mume na mganga, wamezikwa naye kwa kushindwa kumwokoa. Riwaya kamili. Mwaka 2016 majibu ya DNA yakatoka, wote watatu ni wanaume. Kimya. Hadi sasa hakuna hadithi nzuri iliyochukua nafasi ya ile, na mimi nasema afadhali.

Kuna na mwanamke mwingine alipatikana 1949, umri kama miaka 40 ambao kwa wakati ule ni mtu mzima haswa, alikuwa amefunikwa na mifupa miwili mikubwa ya bega la mamothi, na mifupa ya mbweha pembeni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na hitilafu. Sasa kabla ya hapo ilikuwa imepatikana sura ndogo ya mtu iliyochongwa kwenye pembe ya mamothi, mdomo umepinda upande. Watu wakaunganisha, wakasema ni yeye. Kama ni kweli basi hiyo ni picha ya mtu halisi tunayemjua kwa mifupa yake. Hapa natamani iwe kweli, ila kutamani si ushahidi.

Ya Wajerumani namwachia Mzee.

Mzee wa Ramani

Sikuikwepa, nilikuwa kazini.

Kwanza elewa hapo ni njia. Kutoka bonde la Danube ukitaka kwenda kaskazini mpaka tambarare za Poland bila kupanda milima mikubwa unapitia Moravia, na Pálava iko pale pale mlangoni. Wanyama walipita, wawindaji wa kina dada wakakaa mteremkoni juu ya mto wakiwaangalia wanavyokuja. Baadaye wakapita wenye majeshi. Warumi walifika wakati wa vita vya mfalme wao Marcus Aurelius na Wamarkomani, kabila la Kijerumani, karne ya 2, wakaweka kambi kwenye kilima karibu na Mušov, ng'ambo ya Danube kabisa, mbali na mpaka wao. Na 1988 hapo hapo Mušov likafukuliwa kaburi la mkubwa mmoja wa makabila ya Kijerumani ya wakati huo limejaa vyombo vya Kirumi, kwa hiyo walipigana lakini biashara na zawadi zilikuwepo. Wakaja Waslavi, nao wakajenga ngome yao ya udongo pale pale Věstonice kando ya mto. Kisha mabwana wa Mikulov, kina Liechtenstein halafu kina Dietrichstein, ndio waliokuwa wanamiliki mashamba na watu wake.

Yale magofu ya ngome juu ya mlima upande wa Pavlov yanaitwa Děvičky, ni ya karne ya 13. Waswidi walipofika huku 1645 kwenye ile Vita ya Miaka Thelathini ndio mwisho wake, haikuinuka tena.

Sasa Wajerumani. Kusini mwa Moravia yote hiyo ya mpakani watu walikuwa wanazungumza Kijerumani tangu zama za kati, wakulima wa zabibu. Kijiji chenyewe kikiitwa Unterwisternitz. Hawakuwa wageni, walikuwa raia wa dola la Austria kama Wacheki, na 1918 Czechoslovakia ilipozaliwa wakajikuta upande wa pili wa mpaka bila kuhama nyumba. 1938 baada ya mkataba wa Munich, Hitler akakata hilo eneo akaliingiza kwake. 1945 vita ikaisha, Wajerumani wakafukuzwa nchi nzima, karibu watu milioni 3, na hapo Věstonice nao wakaondoka na mizigo ya mkononi, wakahamia wengi Austria na Ujerumani. Nyumba zao wakapewa Wacheki kutoka ndani ya Moravia na kwingineko. Pohořelice uliyoipita na basi, Wajerumani wa Brno walitembezwa kwa miguu mpaka hapo mwisho wa Mei 1945, wazee na wanawake na watoto, wengi walikufa kwa kuhara na uchovu. Ndiyo maana jamaa zako kwenye basi hawakuongeza neno. Wale wa Mušov waliohamishwa kupisha bwawa wengi wao walikuwa na miaka 30 na ushee tu mahali pale, wengine walikuwa wameingia nyumba za watu waliofukuzwa.

Nyamwaya254

Lakini Mzee wewe unaongea kama hao Wajerumani walionewa tu. Si wengi wao walipigia kura chama cha kina Henlein, kile cha Wajerumani wa huko kilichokuwa upande wa Hitler, 1938? Mcheki ambaye ndugu yake alinyongwa na hao watu umwambie aishi naye jirani aje?

Mzee wa Ramani

Walipigia, wengi sana, hilo hakuna anayebisha. Mtoto wa miaka 4 aliyekufa Pohořelice hakupiga kura. Nimekaa na wazee wa pande zote mbili hapa Vienna na kule, ukisikiliza upande mmoja peke yake utatoka umekasirika, basi kasikilize na wa pili utatoka umekasirika tena.

Dada Akiolojia

Niongezee kidogo maana vita iliingia mpaka kwenye mashimo yetu. Wanazi walipolichukua eneo, shirika la SS lililoitwa Ahnenerbe lilimleta Mholanzi mmoja Assien Bohmers akachimba pale Věstonice kati ya 1939 na 1942. Walikuwa wanataka wathibitishe kwamba mwanadamu bora katokea Ulaya ya kati, ndiyo ilikuwa agenda. Halafu mwisho wa vita vitu vingi sana vya uchimbaji wa Moravia vilikuwa vimefichwa kwenye kasri la Mikulov, Aprili 1945 kasri likaungua. Mifupa ya Věstonice ikaenda, pia mifupa ya watu wa Předmostí, makazi mengine ya kale huko Moravia, ambayo ilikuwa hazina ya dunia nzima ikaenda karibu yote, tumebaki na picha na maelezo. Venus alinusurika. Kila nikifika sehemu hii namkumbuka mwalimu wangu mmoja alikuwa anasimama anafuta miwani.

Kasongo wa Goma

Basi hata ku bazungu vitu vinapoteaka. Polé.

Mpitanjia_Brno

Wakuu nimeelewa kuliko mihadhara yangu yote ya semesta hii. Nataka kurudi safari hii nikiwa na akili. Je yule Venus mwenyewe yuko pale kijijini? Na kuna la ziada la kufanya maana waini niliiona lakini mfuko ulikuwa mwepesi.

Dada Akiolojia

Hapo kijijini kuna makumbusho madogo, ila yule utakayemwona ni nakala. Halisi ni mali ya makumbusho ya Moravia hapo hapo Brno ulipo, lakini wanamfungia, anatolewa kwa nadra kwenye maonyesho maalumu na ulinzi juu, kwa hiyo fuatilia matangazo yao. Kijiji kinachofuata, Pavlov, nenda Archeopark, ilifunguliwa 2016, jengo limezikwa ardhini juu ya makazi yenyewe ya kale, zimechomoza kuta nyeupe za zege tu. Ndani wameacha lundo la mifupa ya mamothi pale pale lilipokutwa. Hiyo usiikose.

Mzee wa Ramani

Kwa miguu panda njia ya mlimani kutoka Mikulov uteremkie Pavlov au Věstonice, utapita Děvín na Děvičky, vaa viatu vya maana chokaa inateleza ikinyesha. Treni haifiki kijijini, ni basi au baiskeli, na kwa baiskeli kuna barabara juu ya tuta kutoka Strachotín inavuka bwawa inakuingiza kijijini moja kwa moja.

Waini, ulizia ya aina ya Pálava, ni mbegu iliyozalishwa huko huko kwa kuchanganya Traminer na Müller-Thurgau, ilisajiliwa 1977, ina harufu ya waridi hivi na utamu kiasi. Ila ukienda Septemba achana na chupa, ulizia burčák, ni juisi ya zabibu iliyoanza kuchacha tu, ina rangi ya mawingu, wanauza barabarani kwenye chupa za plastiki. Kizibo usikikaze kwenye begi, gesi yake inalipuka. Na usinywe kama soda mdogo wangu, inaingia taratibu halafu inashika miguu, na basi la mwisho la jioni halimsubiri mtu.

Nyamwaya254

Mzee hiyo ya basi la mwisho inaonekana uko na story nyuma yake 😂

Mzee wa Ramani

Nililala Mikulov. Tuendelee na mada.